Kiti cha Nyuma Ndicho Unachokilipia: Namna ya Kuchagua Gari la Kifahari la Kukodi Lenye Dereva

Gari la kifahari lenye dereva halikodiwi kila siku katika kata ya Mlali, wilayani Mvomero. Hukodiwa siku ambayo haitarudi: binti anaolewa, mzazi anatolewa hospitalini baada ya upasuaji, kijana anahitimu chuo kikuu, au ukoo unampokea mgeni aliyetoka mbali. Mara nyingi fedha ya kulikodi si ya mtu mmoja. Imetokana na michango ya ndugu, majirani na marafiki, na yule aliyekabidhiwa jukumu la kutafuta gari anafahamu kwamba atawajibika mbele ya wote waliochangia.

Anayenunua gari la kuendesha mwenyewe huangalia injini, usukani na matumizi ya mafuta. Anayekodi gari lenye dereva ananunua kitu kingine kabisa: kukaa nyuma kwa utulivu, kufika kwa wakati na kurudi salama. Kwa sababu hiyo, gari la namna hii hupimwa kutoka kiti cha nyuma, kwa kuzingatia barabara litakayopita na dereva atakayeliendesha. Mng'ao wa rangi na nembo iliyo juu ya boneti havitoshi kumwongoza mtumiaji. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa, siku ya safari, na pale huduma inapokwenda kinyume na makubaliano.

ANZA NA ABIRIA, KISHA GARI

Kabla ya kumpigia simu mmiliki yeyote, andika majibu ya maswali manne: nani atakaa nyuma, ni wangapi, wana mizigo gani, na watapita wapi. Majibu hayo yatakuondolea nusu ya magari utakayoonyeshwa.

Bibi harusi mwenye gauni pana na shela ndefu anahitaji mlango mpana na nafasi ya miguu. Akikaa na msimamizi wake nyuma ya gari dogo, gauni peke yake linaweza kujaza nafasi ya mtu wa tatu. Mzee mwenye maumivu ya nyonga au magoti ana shida nyingine: kiti kilicho chini sana humlazimu kujishusha na kisha kuinuliwa, na kiti kilicho juu sana humlazimu kupanda kama anayepanda ngazi. Kimfaacho ni kiti kinacholingana na kimo cha nyonga yake akiwa amesimama. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji pia buti lenye nafasi ya kukihifadhi, na ni vyema kukipima kabla ya siku ya safari.

Fikiria pia heshima ya ukaaji. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana nafasi yake katika shughuli ya ndoa. Ikiwa wazazi na wajomba wanatarajiwa kusafiri katika gari hilohilo, gari la viti vinne halitatosha hata kama ni la gharama kubwa kuliko yote mjini. Ni afadhali jambo hili lizungumzwe katika kikao cha kamati kuliko lizuke mlangoni pa gari, wageni wakiwa wanatazama.

BARABARA NDIYO INAYOCHAGUA GARI

Kutoka barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, msafiri huchepuka Sangasanga, akapita Mlali na kuendelea kupanda Milima ya Uluguru kuelekea Mgeta. Gari linalopita vizuri katika mitaa ya Morogoro mjini si lazima lipite vizuri katika safari nzima ya namna hiyo, hasa wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Nyumba ya bibi harusi inaweza kuwa mbali na barabara kuu, na mita mia tatu za mwisho, zenye mfereji au mteremko wa udongo, ndizo zinazolikwamisha gari.

Magari madogo ya kifahari, kama vile Mercedes-Benz S-Class na Toyota Crown, yameinuka kidogo tu kutoka ardhini: kwa kawaida si zaidi ya sentimita 16 kati ya tumbo la gari na barabara. Abiria wanne na mizigo wakishaingia, nafasi hiyo hupungua. Toyota Alphard, ambayo wengi huipenda kwa viti vyake vipana, nayo haikuinuka sana ingawa paa lake ni refu. Magari ya aina ya Toyota Land Cruiser yameinuka zaidi ya sentimita 20, na yametengenezwa kwa barabara mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, mwombe mmiliki amtume dereva atakayeendesha gari aje kuiona njia, hata kwa pikipiki. Ikiwa hawezi kuja, mpelekee picha za video za sehemu korofi, zilizopigwa baada ya mvua na si wakati wa kiangazi. Zipo familia zinazochagua njia ya kati: gari la chini la bibi harusi husubiri mahali penye barabara nzuri, naye huletwa hapo kwa gari lililoinuka. Mpango huo hauna aibu yoyote. Aibu ni gari lililopambwa kwa maua kusukumwa na vijana kwenye tope.

Kwa safari ya kwenda Dar es Salaam, takribani kilomita 190 kutoka Morogoro mjini, jiulize kama unahitaji gari hilo njia nzima. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na stesheni ya Morogoro iko Kihonda. Mgonjwa anayeweza kukaa vizuri anaweza kukodiwa gari kutoka Mlali hadi Kihonda, akapanda treni, kisha akapokelewa na gari jingine Dar es Salaam. Linganisha gharama za mipango yote miwili, ukihesabu pia uchovu wa msafiri na kazi ya kumhamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine.

VIPIMO VINAVYOSEMA KWELI

Matangazo mengi hutumia maneno kama "VIP" na "daraja la kwanza". Maneno hayo hayana kipimo. Kipo, hata hivyo, kipimo kimoja ambacho hakibadilishwi na tangazo: umbali kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Katika magari yanayofanana kwa umbo, umbali huo ukiongezeka, kwa kawaida nafasi ya miguu ya abiria wa nyuma nayo huongezeka.

Mercedes-Benz S-Class ni mfano mzuri. Kampuni iliitengeneza kwa urefu wa namna mbili. Katika matoleo yaliyoanza mwaka 2005 na 2013, gari fupi lina mita 3.035 kati ya ekseli, na refu lina mita 3.165. Tofauti hiyo ya sentimita 13 inakwenda karibu yote kwa abiria wa nyuma. Kwa mtazamaji wa kando ya barabara, magari hayo mawili yanafanana, na anayekodisha anaweza kukutoza bei ya refu akakuletea fupi. Vivyo hivyo, Toyota Crown Majesta ya toleo la mwaka 2013 ina mita 2.925, ilhali Crown ya kawaida ya kizazi hicho ina mita 2.85. Alphard ya kizazi kilichoanza mwaka 2015 ina mita 3. Land Cruiser ya mfululizo wa 200, pamoja na ukubwa wake wote wa nje, ina mita 2.85 tu, na abiria mrefu anaweza kushangaa kukuta magoti yake yana nafasi ndogo kuliko alivyotarajia.

Fahamu pia kwamba magari ya jina moja hutofautiana ndani. Alphard moja huwa na viti viwili vikubwa vinavyojitegemea katika safu ya pili, vyenye kiegemezo cha miguu kinachoinuka. Nyingine ina kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Usikubali kuonyeshwa picha ya gari "kama hili". Dai kuliona gari lenyewe, na uandike namba zake za usajili.

KAA NYUMA KWA ROBO SAA

Ukienda kuliona gari, usianze kwa kulizunguka. Mwombe dereva atakayekuendesha akae katika kiti chake na kukirekebisha anavyopenda, kisha wewe ukae nyuma yake. Kiti cha mbele kilichosogezwa mbele kwa ajili ya kukuonyesha nafasi kitarudishwa nyuma siku ya safari. Ngumi yako ikipita kati ya goti lako na mgongo wa kiti cha mbele, nafasi inatosha.

Kisha fanya majaribio yafuatayo, kila moja kwa zamu.

Vuta kila mkanda wa usalama wa nyuma hadi mwisho, uufunge, halafu uuvute kwa mshtuko. Unapaswa kukaza papo hapo. Mara nyingi vifungio vya mikanda ya nyuma huwa vimezama chini ya kiti au vimefunikwa na vitambaa vya mapambo. Mkanda usioweza kufungwa ni sawa na mkanda usiokuwapo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliyemo ndani ya gari kwa hadi nusu. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda humhatarisha pia aliye mbele yake, kwa kuwa gari likisimama ghafla yeye hurushwa dhidi ya kiti cha mbele.

Washa kiyoyozi na uweke mkono kwenye matundu ya nyuma. Katika magari yaliyotumika, si ajabu hewa ya mbele ikawa baridi na ya nyuma ikawa vuguvugu. Subiri dakika kumi, gari likiwa juani.

Jaribu kila kitufe cha kiti: kulaza, kuinua, kiegemezo cha miguu. Magari mengi ya aina hii yameingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi ya skrini na vitufe vyake bado ni ya Kijapani. Hakikisha dereva anajua kila kitufe kinafanya nini, na hasa namna ya kukirudisha kiti kilichokwama kikiwa kimelala.

Fungua na kufunga milango. Ikiwa ni ya kuteleza kwa umeme, angalia kama inasimama na kurudi inapogusa kitu, na uone mahali ambapo gauni au kanga inaweza kunaswa.

Mwombe dereva awashe gari huku ukitazama dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa ya usalama inapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha kuzimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, yawezekana mtu ameikata ili kuficha hitilafu hiyo.

Kagua matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limechakaa kwa umri. Mipasuko midogo ubavuni ni dalili mbaya.

Mwisho, omba kupitishwa kwenye barabara yenye matuta. Baadhi ya magari ya kifahari hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za kawaida. Mifuko hiyo ikivuja, gari huinama upande mmoja likiegeshwa kwa saa nyingi. Ukiweza, lione gari asubuhi kabla halijawashwa.

KITI KIPI KIKALIWE NA MGENI WA HESHIMA

Nchini Tanzania magari hupita upande wa kushoto, na usukani wa magari yetu mengi uko kulia. Kwa sababu hiyo, kiti cha nyuma cha kushoto ndicho bora kwa mgeni wa heshima, bibi harusi au mgonjwa. Kiti cha mbele yake, kikiwa hakina mtu, kinaweza kusogezwa mbele kabisa ili kumwongezea nafasi. Mlango wake hufunguka upande wa pembeni mwa barabara, si upande wa magari yanayopita. Na akitaka kuzungumza na dereva, anamwona kwa upande bila kuinama.

Kiti kinacholala hutamanisha, lakini kisilazwe sana gari likiwa katika mwendo. Abiria aliyelala huteleza chini ya mkanda ajali inapotokea, na mkanda unaopaswa kushika mifupa ya nyonga hubana tumbo. Mgonjwa asiyeweza kukaa wima asikodiwe gari la kifahari. Huyo anahitaji gari la wagonjwa lenye mhudumu.

NYARAKA TATU ZA KUOMBA

Ya kwanza ni leseni ya usafirishaji. Anayebeba abiria kwa malipo anapaswa kuwa na leseni hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Dalili ya kwanza huonekana kwa macho: gari la biashara lina kibao cheupe chenye maandishi meusi, na gari binafsi lina kibao cha njano. Gari la kibao cha njano linalokodishwa kwa malipo ni gari binafsi linalofanya biashara.

Ya pili ni bima. Usiridhike kuambiwa kwamba bima ipo. Tumia namba za usajili kuihakiki katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Angalia tarehe ya mwisho, aina ya bima, na aina ya matumizi yaliyoandikwa. Hapa ndipo kibao cha njano kinapogeuka kuwa hasara. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kupingwa na kampuni ya bima ajali ikitokea gari likiwa limekodishwa. Familia iliyodhani imeokoa fedha kidogo kwa kukodi gari la mtu binafsi inaweza kujikuta inagharimia matibabu ya majeruhi wake huku ikisubiri uamuzi wa mgogoro huo.

Ya tatu ni leseni ya dereva. Leseni ya daraja D inamruhusu mtu kuendesha gari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji daraja C, katika mgawanyo unaolingana na idadi ya abiria wa gari husika. Omba kuona leseni ya dereva atakayekuja siku hiyo, si ya dereva aliyepo ofisini siku ya malipo.

DEREVA NI SEHEMU YA GARI

Gari zuri likiwa na dereva mchovu halina thamani. Uliza dereva atakuwa ametoka wapi kabla ya kuja kwako. Mwishoni mwa wiki, katika miezi yenye harusi nyingi, gari moja huweza kupokea kazi ya usiku Dar es Salaam na ya asubuhi Mlali. Dereva aliyekesha atasinzia hata akiwa hodari. Andika katika mkataba kwamba dereva awe amepumzika usiku uliotangulia, na kwa safari ya kulala ugenini, eleza wazi atalala wapi na nani atalipia malazi na chakula chake. Dereva aliyeachwa alale ndani ya gari ndiye atakayemwendesha mzazi wako kesho yake.

Katika safari ya majaribio, angalia kama anatii kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, kama anaiweka simu kando, na kama anapunguza mwendo kabla ya tuta badala ya kufunga breki juu yake. Dereva wa abiria wa nyuma husifiwa kwa jambo moja: abiria hatambui ni lini gari lilianza kwenda na ni lini lilisimama.

BEI RAHISI INAYOGEUKA KUWA GHALI

Bei inayotajwa kwa simu mara nyingi ni bei ya kuanzia. Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kufikirika, wa siku ya harusi yenye kilomita 160 na saa 11 za kazi.

Mwenye gari wa kwanza anataka shilingi 450,000, pamoja na mafuta na chakula cha dereva, kwa saa 12 na kilomita zisizozidi 200. Wa pili anataka shilingi 300,000 bila mafuta, kwa saa 8 na kilomita 100. Kila kilomita ya ziada ni shilingi 1,500, na kila saa ya ziada ni shilingi 20,000. Kwa huyu wa pili, kilomita 60 za ziada ni shilingi 90,000. Saa tatu za ziada ni shilingi 60,000. Mafuta lita 20 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 60,000. Na chakula cha dereva ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 530,000. Aliyeonekana kuwa rahisi kwa shilingi 150,000 amekuwa ghali kwa shilingi 80,000.

Uliza pia hesabu ya kilomita inaanzia wapi. Gari linalotoka Morogoro mjini au Dar es Salaam hufika Mlali likiwa tupu, na kurudi likiwa tupu. Baadhi ya wamiliki huhesabu safari hizo, na wengine huanza kuhesabu mlangoni kwako. Uliza kama bei imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, nani atalipia maegesho, na nani atalipia mapambo na kuyaondoa. Kama mafuta ni juu yako, kubalianeni mapema yahesabiwe kwa bei ipi. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na gari lililowekwa nafasi mwezi mmoja linaweza kutumika mwezi mwingine wenye bei tofauti.

MKATABA WA UKURASA MMOJA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mdomo unaweza kukubalika kisheria, lakini kuuthibitisha ni kazi ngumu. Ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na mambo haya: majina na saini za pande zote mbili, aina ya gari, mwaka na namba za usajili, jina la dereva, tarehe, saa na mahali pa kuanzia na kumalizia, njia itakayopitwa, bei na vyote vilivyomo ndani yake, kiasi cha malipo ya awali na masharti ya kurudishiwa, na gari mbadala la hadhi ileile endapo la kwanza litaharibika.

Usisahau kuandika shughuli yenyewe. Kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayevunja mkataba huwajibika kufidia hasara iliyotokana na uvunjaji huo katika hali ya kawaida, pamoja na ile ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kwamba ingeweza kutokea. Mkataba unaosema tu "kukodi gari siku ya Jumamosi" una nguvu ndogo kuliko unaosema "kumchukua bibi harusi Mlali saa 3:00 asubuhi kwa ajili ya ibada ya ndoa ya saa 5:00 asubuhi".

Unapolipa malipo ya awali kwa simu, soma jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha. Liwe jina la kampuni au la mtu aliyetia saini mkataba. Dai risiti ya mashine ya EFD, au risiti iliyoandikwa na kusainiwa ikiwa mtoa huduma hajafikia kiwango cha kutumia mashine hiyo. Baki sehemu ya fedha mkononi hadi gari litakapofika.

SIKU YENYEWE

Gari likifika, linganisha namba za usajili na mkataba, kisha piga picha mita ya kilomita, kiwango cha mafuta na mikwaruzo iliyopo. Kazi hiyo huchukua dakika tano na huzuia ubishi wa jioni. Mpe mtu mmoja tu mamlaka ya kumwelekeza dereva. Dereva anayeamriwa na kila mwanakamati hupotea njia.

Msafara wa harusi una hatari zake. Mpiga picha asikae kwenye buti lililo wazi, maharusi wasisimame katika tundu la paa gari likiwa linakwenda, na gari la matarumbeta lisijazwe kupita kiasi. Watoto wasipakatwe kiti cha nyuma kwa hoja kwamba safari ni fupi.

HUDUMA IKIENDA KINYUME

Likiletwa gari tofauti, una haki ya kulikataa au kulikubali kwa bei iliyopunguzwa. Ukilikubali kwa kuwa muda umekwisha, andika hapohapo, hata kwa ujumbe wa simu kwenda kwa mmiliki, kwamba si gari mliloafikiana. Gari likiharibika njiani, tunza ushahidi wa saa, picha, na risiti za usafiri mbadala.

Peleka malalamiko yako kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, ukitaja unachodai na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Usiporidhika, wasilisha nakala katika ofisi ya LATRA ya mkoa, iliyopo Morogoro mjini. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, limewekwa kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji na linaweza kukushauri namna ya kuandaa lalamiko. Udanganyifu katika matangazo unaweza kuripotiwa kwa Tume ya Ushindani. Dai la fedha linaweza kufikishwa mahakamani, na huko karatasi ile moja yenye saini ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Mtumiaji anayeuliza maswali haya haonyeshi dharau kwa mwenye gari. Mtoa huduma makini huyapokea kwa furaha, kwa kuwa yanamtofautisha na wasio na leseni. Anayekasirika kwa kuombwa kuonyesha bima au mkanda unaofungika amekupa jibu mapema, fedha za michango zikiwa bado mkononi mwako.